Farasi 525 dhidi ya 1,020: supakaa inatofautianaje na gari lenye nguvu tu?

Katika vilima vya Eifel, Ujerumani, kuna barabara ya mashindano iliyofunguliwa mwaka 1927. Inaitwa Nürburgring Nordschleife. Mzunguko wake mmoja ni kilomita 20.8, una kona zaidi ya 70, unapanda na kushuka milima, na kwa watengenezaji wa magari ndio mtihani wa mwisho. Oktoba 2022 Porsche 911 GT3 RS, yenye nguvu farasi 525, iliumaliza kwa dakika 6 na sekunde 49.328. Mwaka uliofuata Tesla Model S Plaid, gari la umeme la milango minne lenye nguvu farasi 1,020, liliumaliza kwa dakika 7 na sekunde 25.231, tena likiwa limefungwa breki na matairi maalumu ya mashindano. Lenye farasi karibu maradufu lilichelewa kwa sekunde 36. Kwa mwendo ule, hiyo ni nafasi ya zaidi ya kilomita moja na nusu.

Ukiyapeleka magari hayohayo kwenye lami iliyonyooka, matokeo yanageuka. Tesla inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa kama sekunde 2, Porsche inahitaji 3.2. Hizo ndizo video zinazozunguka kwenye simu zetu, na ndizo zinazozua ubishi kila kijiwe: kama gari la kupeleka watoto shule linaiacha Ferrari kwenye taa, supakaa ina nini cha ziada zaidi ya bei na kelele?

Cha ziada kimo ndani ya sekunde zile 36, na inafaa tuzifungue moja moja.

Majina kwanza

Watu huchanganya vitu vitatu. Gari la kifahari, mfano Rolls-Royce, limetengenezwa ili abiria apumzike: kimya, laini, zito. Gari la spoti, mfano Mazda MX-5 au Toyota GT86, ni dogo na jepesi, linafurahisha kwenye kona bila kuwa na nguvu za kutisha. Supakaa ni gari linaloruhusiwa kutembea barabarani na namba zake, lakini kila uamuzi wa mhandisi umefanywa kwa ajili ya mwendo: injini, matairi, breki, hewa inayopita juu na chini ya bodi, hadi mahali dereva anapokaa. Hakuna sheria wala chombo kinachotoa cheti cha usupakaa, ndiyo maana wapo wanaobisha kwamba 911 haistahili jina hilo kwa kuwa ina ndugu wa kawaida wa mjini. Mimi naihesabu, kwa sababu GT3 RS inaonyesha kazi ya supakaa waziwazi kuliko gari lolote la bei yake. Zinazotengenezwa chache sana na zenye nguvu kupindukia, kama Bugatti na Koenigsegg, huitwa haipakaa.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayochanganya: toki na nguvu farasi. Fundi anapofungua nati za tairi, msukumo wa kuzungusha anaoupeleka kwenye nati ndiyo toki. Akichomeka bomba kwenye mpini wa spana, toki inaongezeka ingawa mkono ni uleule. Nguvu farasi ni toki hiyo mara kasi ya kuzungusha: akizungusha kwa nguvu ileile lakini upesi mara mbili, kazi anayoifanya kwa dakika ni mara mbili. Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia otomatiki ina toki ya Nm 500 (nyutoni-mita, kipimo cha toki). GT3 RS ina Nm 465 tu. Hilux inaishinda kwa toki, lakini injini ya Porsche ile, lita 4 bila turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), inazunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, na huko juu ndiko farasi 525 wanakotoka. Dereva wake hana budi kuifuata huko: ukiiendesha kwa mizunguko 2,500 kama unavyoendesha pikapu, hutamwona farasi hata mmoja wa maana.

Uzito

GT3 RS ina kilo 1,450. Model S Plaid inakaribia kilo 2,200, na betri peke yake ni mamia ya kilo. Kuongeza kasi kwa uzito huo kunawezekana ukiwa na farasi elfu moja. Kazi ni kuusimamisha.

Gari linapokimbia limebeba nishati, na breki ikikanyagwa nishati hiyo inageuka joto. Hesabu yake ni fupi. Kilo 1,450 zikisimamishwa kutoka kilomita 250 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 11 za maji ya bomba, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski nne ndani ya sekunde kama 6. Kilo 2,200 zinataka lita 17. Gari la umeme hurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri, jambo zuri sana, lakini ukikanyaga breki kwa nguvu zote sehemu kubwa bado inaishia kwenye diski. Sasa hebu fikiria ndoo hiyo ikichemshwa tena na tena kila unapoifikia kona, dakika saba mfululizo.

Ndiyo maana diski za mbele za GT3 RS zina kipenyo cha milimita 408. Rimu ya inchi 15 ya Toyota IST ina milimita 381, kwa hiyo diski ile haiingii hata ndani ya rimu. Ukitaka unaweza kuagiza diski za seramiki zilizochanganywa na nyuzi za kaboni. Faida yake kubwa ni kwamba zina karibu nusu ya uzito wa diski za chuma na hazishtuki kwa joto. Wengi hudhani zinasimamisha gari kwa umbali mfupi zaidi. Kwa kukanyaga mara moja kutoka kilomita 100, umbali ni uleule, kwa kuwa anayeshika lami ni tairi. Tofauti inaonekana kwenye kukanyaga kwa kumi na kwa ishirini.

Breki hufa vipi? Wanaoujua mteremko wa Kitonga, Iringa, wameona malori yakishuka na moshi magurudumuni. Pedi zikipita joto lake zinateleza juu ya diski. Hiyo ni njia ya kwanza, na pedeli inabaki ngumu lakini gari halisimami. Njia ya pili ni mbaya zaidi: mafuta ya breki yanachemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hufyonza unyevu wa hewa taratibu, na yakishashiba maji kiwango hushuka hadi kama nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, povu linabanwa wakati kimiminika hakibanwi, na pedeli inazama hadi sakafuni. Kwa gari la kawaida mafuta hayo hubadilishwa kila miaka miwili. Kwa supakaa inayopelekwa kwenye barabara za mashindano, hubadilishwa kabla ya safari hizo.

Halafu kuna swali la uzito umekaa wapi. Chukua mzega, ule mti wa begani wenye ndoo mbili za maji kwenye ncha zake, ujaribu kugeuka ghafla. Ndoo zinakataa kuanza kugeuka, na zikishaanza zinakataa kusimama; utajikuta umepitiliza. Zisogeze ndoo hizohizo karibu na bega, uzito haujabadilika hata gramu, lakini unageuka kama mtu asiye na mzigo. Gari lenye injini mbele na mizigo mizito nyuma ni mzega. Ndiyo sababu Miura ya Lamborghini, mwaka 1966, iliweka injini yake ya silinda 12 nyuma ya viti vya dereva, mbele ya ekseli ya nyuma, na tangu hapo supakaa nyingi zimefuata: kitu kizito kuliko vyote kinakaa katikati. Ukigusa usukani pua inaingia kona papo hapo, bila ile nusu ya sekunde ya kusitasita ambayo sote tumeizoea bila kujua kwamba ipo.

Lakini wepesi huo una gharama. Mtu wa mzega wenye ndoo begani anageuka upesi, na akiteleza anazunguka upesi vilevile. Gari lenye injini katikati likianza kutupa mkia halikupi muda mrefu wa kufikiri. 911 kwa upande wake ni mkaidi wa kihistoria: injini yake imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma kabisa. Inasaidia kusukuma inapotoka kwenye kona, kwa sababu uzito unayakandamiza matairi yanayosukuma. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi, uzito unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na ile injini inaendelea na safari yake kuelekea nje. Kila anayejifunza kuendesha 911 kwa kasi huambiwa jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Kuna uzito wa aina ya tatu ambao hausemwi sana: rimu, tairi, diski na vyote vilivyo upande wa chini wa springi. Jaribu kukimbia ukiwa umevaa buti za mvua, kisha uvae raba. Mwili ni uleule, ila miguu haiwezi kufuata ardhi. Gurudumu zito likipanda kijiwe linarushwa na kuchelewa kurudi chini, na likiwa hewani halishiki kitu. Hapa ndipo diski za seramiki na rimu nyepesi zinapolipa kwa kweli, na hapa ndipo mtu anayebadilisha rimu kwa ajili ya sura, akafunga kubwa na nzito, anaponunua uharibifu.

Mshiko

Mtaani mshiko ni fedha, na hakuna mfano bora wa kueleza tairi. Kila tairi linagusa lami kwa eneo la kama kiganja, na eneo hilo lina bajeti. Ukiwa na elfu kumi mfukoni, unaweza kuitumia yote kwa breki, au yote kwa kona, au kuigawa. Ukishaitumia yote kwa breki na bado unakata usukani, huna cha kulipia: pua inakwenda moja kwa moja kana kwamba usukani haupo. (Hesabu ya kugawa haijumlishwi moja kwa moja. Unaweza kutumia asilimia 70 kwa breki na bado ukabakiwa na kama 70 kwa kona. Lakini ukomo upo.)

Kazi ya dereva mzuri ni kubadilisha matumizi bila kuacha pesa mfukoni: anaachia breki taratibu kadiri anavyoongeza usukani, na anaongeza mafuta kadiri anavyounyoosha. Tesla na Porsche zote zina bajeti, ila nzito inatumia sehemu kubwa ya bajeti yake kuubeba mwili wake yenyewe.

Matairi ya supakaa, mfano Michelin Pilot Sport Cup 2, yana mpira laini unaofanya kazi ukipata joto. Asubuhi ya baridi ya Njombe, au kwenye baridi ya Ulaya, mpira huo ni mgumu na unateleza. Wapo wanaovunja supakaa kilomita chache tu baada ya kutoka getini, wakati matairi bado yamelala. Joto pia hupandisha upepo: kila nyuzi 5 hadi 6 huongeza kama psi 1. Kwa hiyo anayejaza upepo wa kiwango cha mwendo wa kasi tairi likiwa baridi, baada ya mizunguko mitatu atakuwa na tairi lililovimba katikati na kugusa lami kwa eneo dogo. Unapima tairi likiwa la moto, unapunguza, kisha unakumbuka kurudisha kabla ya kwenda nyumbani.

Kwenye mvua mambo ni mengine. Kashata za matairi haya zina mifereji michache, na tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba. Katika mvua ya masika, supakaa yenye matairi ya aina hii ni gari linalohitaji kuendeshwa polepole kuliko Probox iliyo mbele yake, na dereva wake hana sababu ya kuona aibu.

Hewa

Hapa ndipo sekunde nyingi zimejificha, na ndipo supakaa inapokuwa kitu cha ajabu kweli.

Hewa hufanya mambo mawili. La kwanza ni kuzuia. Ukiongeza kasi maradufu, kizuizi cha hewa kinakuwa mara nne, na nguvu ya kukishinda mara nane. Mwaka 1998, katika barabara ya majaribio ya Ehra-Lessien huko Ujerumani, Andy Wallace aliifikisha McLaren F1 kilomita 386 kwa saa ikiwa na farasi 627. Mwaka 2019, barabara hiyohiyo, dereva huyohuyo, Bugatti Chiron ilifika kilomita 490. Kasi iliongezeka kwa kama robo. Farasi waliohitajika walikuwa 1,600.

Kutokana na hilo, ile namba kubwa kabisa kwenye spidomita ya gari lako haimaanishi kwamba gari linaweza kuifikia. Dashibodi iliyoandikwa 260 ni uchapishaji tu. Anayeamua ni hewa.

La pili ni kukandamiza. Bawa la ndege limeundwa ili hewa iinue. Ligeuze juu chini, hewa inasukuma gari kwenye lami. GT3 RS inakandamizwa kwa kilo 409 ikiwa kwenye kasi ya kilomita 200, na kilo 860 kwenye kasi ya 285. Tupime kwa mifuko ya simenti ya kilo 50. Ukiwa mjini kwa kilomita 50, bawa lile kubwa linakupa nusu mfuko. Kwa kilomita 100, mifuko miwili. Kwa 200, minane. Kwa 285, kumi na saba. Ila ni simenti isiyo na uzito wa kubebwa: inayakandamiza matairi yashike zaidi, lakini kona ikija haitupwi nje, na breki haina kazi ya kuisimamisha. Mshiko unaongezeka, mzigo haujaongezeka.

Bawa la nyuma peke yake lingeinua pua, kama mtu aliyekaa kwenye ncha moja ya mbao ya pembea. Lazima pua nayo ikandamizwe kwa kiasi kinacholingana. Katika GT3 RS wahandisi walikwenda mbali: waliondoa buti la mbele lote. Mahali pa begi pakawekwa rejeta moja kubwa iliyolala, na pembeni, zilipokuwa rejeta za kawaida, pakabaki nafasi ya vibawa vinavyojisogeza vyenyewe. Hewa ya moto ya rejeta inatokea kwenye matundu mawili ya boneti. Lakini hewa hiyo ikipita juu ya paa ingekwenda kuingia kwenye injini kule nyuma, na injini haipendi kuvuta hewa ya moto. Basi paa likawekewa mapezi madogo yanayoisukuma hewa ya moto kando, ili ya baridi ndiyo ifike nyuma. Uamuzi mmoja wa bawa umezaa mwingine, hadi kwenye mapezi madogo ya paani. Mwenye gari hana pa kuweka begi mbele, na analipa kwa furaha.

Kwenye barabara iliyonyooka bawa linajilaza ili lisizuie. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu linasimama kwa pembe kali, nalo likawa breki.

Linganisha na spoila ya kubandika kwenye buti la gari la kawaida. Haijapimwa na kitu, haina mwenzake mbele, na kwa kasi ya mjini haikandamizi lolote. Ikiwa na kazi yoyote, ni kuongeza kizuizi na matumizi ya mafuta.

Ukandamizaji huu unabadilisha hata namna ya kukanyaga breki, na hapa madereva wazoefu wa magari ya kawaida huchanganyikiwa. Barabarani tumezoea kuanza polepole na kuongeza nguvu mwishoni. Kwenye supakaa yenye mabawa ni kinyume: unakanyaga kwa nguvu zote mwanzoni, kwa sababu kwa kasi ile una mifuko kumi na saba ya mshiko wa ziada, kisha unapunguza mguu kadiri kasi inavyoshuka, kwa sababu mifuko inaondoka mmoja mmoja. Ukibaki umekandamiza vilevile, utafika mwisho wa breki huku mshiko umekwisha, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ndiyo itakayokuokoa.

Mikono, makalio na miguu

Hadi hapa nimezungumzia vinavyopimika. Lakini ukimuuliza mtu aliyeendesha supakaa nzuri, hatakuambia kuhusu mifuko ya simenti. Atakuambia kwamba gari lilikuwa linazungumza naye.

Maneno hayo yana maelezo yake ya kihandisi. Unapokata kona, mguso wa tairi na lami unasukuma tairi lirudi kunyooka, kama gurudumu la kitoroli linalojielekeza lenyewe nyuma ya mhimili wake. Ndiyo maana usukani unakuwa mzito kadiri kona inavyokaza. Lakini tairi linapokaribia ukomo wake, sehemu ya nyuma ya mguso inaanza kuteleza kwanza, na ule msukumo wa kurudi unapungua. Dereva anausikia: usukani uliokuwa ukizidi kuwa mzito unaanza kulegea kidogo mikononi, kabla pua haijatoka kwenye mstari. Ni ujumbe wa sehemu ya sekunde unaosema "nimebakiwa na kidogo."

Katika magari mengi ya kawaida usukani unasaidiwa na mota ya umeme, bushi za mpira laini zinameza mitetemo, na ujumbe ule unafia njiani. Hilo limefanywa kwa makusudi, kwa kuwa anayerudi kazini amechoka hataki habari za kila kokoto. Supakaa inaondoa vizuizi hivyo. McLaren hadi leo, kwenye 750S, wanatumia usukani unaosaidiwa na mafuta yenye presha (haidroliki) badala ya mota peke yake, wakiamini unapitisha ujumbe vizuri zaidi. Usukani wenyewe ni mfupi: gari la kawaida linataka kama mizunguko mitatu kutoka upande hadi upande, Ferrari nyingi za sasa zinataka miwili na kidogo, kwa hiyo kona nyingi unazikata bila kuhamisha mikono.

Aliyelifuata wazo hili hadi mwisho ni Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. McLaren F1 aliyoibuni, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1992, ilikuwa na kama kilo 1,140 tu. Kiti cha dereva kilikuwa katikati kabisa, abiria wawili nyuma yake kushoto na kulia. Haikuwa na usukani wa kusaidiwa, wala ABS, wala kile kifaa cha kuongeza nguvu ya breki. Mguu wako ndio uliobana pedi. Kukaa katikati kulimaanisha kona ya kulia na ya kushoto zinasikika sawasawa, na pedeli zilinyooka mbele ya miguu bila kupindishwa na boma la gurudumu. Ndani ya chumba cha injini kulibandikwa karatasi ya dhahabu, kwa sababu dhahabu huakisi joto vizuri mno. Ni magari 106 tu yaliyotengenezwa.

Gia zinaelezeka haraka. Giaboksi ya klachi mbili ni kama mbio za kupokezana kijiti: klachi moja imeshika gia ya tatu, nyingine tayari ina gia ya nne imeingizwa na inakimbia pembeni ikisubiri. Kijiti kinabadilishwa bila injini kuacha kusukuma. Na turbo, ambayo wengi huiona ndiyo alama ya ukali, kwa dereva wa supakaa ilikuwa tatizo kwa miaka mingi: kwenye Ferrari F40 ya mwaka 1987 ulikanyaga mafuta, ukasubiri, halafu nguvu yote ikaja kwa mkupuo, mara nyingine katikati ya kona. Turbo za sasa zimepunguza kungoja huko sana.

Je, kompyuta ndizo zinazoendesha siku hizi? Zinasaidia. Kwenye usukani wa GT3 RS kuna vitufe vinne vya kuzungusha, na kwa hivyo dereva anaweza kubadilisha ugumu wa shokapu, tabia ya difu na kiwango cha udhibiti wa kuteleza huku akienda. Lakini kompyuta inagawa mshiko uliopo. Ukiingia kona ya kilomita 80 kwa 120, bajeti imekwisha na hakuna programu inayoweza kuichapisha upya.

Inapotoka kwenye uwanja wake

Tofauti hizi zote zina bei barabarani. Kabla ya kuifungulia, injini inahitaji mafuta yake yapate joto, na geji ya maji isikudanganye: maji hufika joto la kazi dakika kadhaa mapema kuliko mafuta ya injini. Subiri mafuta yafike kama nyuzi 80 ndipo uipeleke kwenye mizunguko ya juu. Kwenye foleni, klachi zinazobeba nguvu nyingi huumia kwa kutambaa mlimani. Afadhali uache nafasi mbele, usogee mara moja, usimame, kuliko kunyata sentimita kwa sentimita.

Matuta ni adui wa kweli. Pua ya supakaa mara nyingi iko sentimita kumi na kitu kutoka chini. Nyingi zina kifaa cha kuinua ekseli ya mbele kwa kama sentimita 4, unachokiwasha kabla ya kufika kwenye tuta, kwa mwendo wa kutambaa. Kwa matuta yetu mengi, yaliyomwagwa bila kipimo, sentimita 4 hazitoshi.

Na kuna matairi. Supakaa nyingi, ziwe Dubai, Muscat au Nairobi, hutembea kilomita chache kwa mwaka, kwa hiyo matairi huzeeka kabla ya kwisha. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya mafuta ya breki): 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa, zinang'aa, huku mpira umekauka na kuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Gari la farasi 500 likiwa na matairi hayo litaserereka likiwa kwenye gia ya pili, lami kavu, barabara imenyooka. Hubadilishwa yote manne, hata kama kwa macho yanaonekana mapya.